Jicho Linaona, Nani Anahukumu?

Kati ya vitabu vilivyoandikwa na wageni juu ya ulozi katika Afrika, kimoja kinapita vingine kwa sifa. Ni kile cha Mwingereza E. E. Evans-Pritchard juu ya Waazande, kilichochapishwa Oxford mwaka wa 1937. Waazande si watu wa mbali kwetu: mwandishi alikaa nao upande wa Sudani, lakini ndugu zao wengi wako Kongo, katika nchi ya Uele. Tena mwandishi mwenyewe alipokewa katika Ekleziya Katolika mwaka wa 1944. Kwa hiyo kitabu chake kinatajwa kwa heshima kati ya mapadri na mafrateri, lakini mara nyingi kinatajwa vibaya. Mmoja atasema: «Mnaona, hata mzungu msomi aliuona ulozi kwa macho yake.» Mwingine atajibu: «Hapana, yeye ameonyesha kwamba yote ni mawazo matupu.»

Tunataka kuonyesha kwamba wote wawili hawakusoma vizuri, na kwamba kosa lao si kosa la shule tu. Popote padri ao katekista anapopigiwa hodi asubuhi na mtu aliyeona jambo usiku, kosa hilo linaweza kumnyima mtu mwingine jina lake jema, nyumba yake, hata uzima wake.

I. Mwanga wa usiku

Habari yenyewe ni hii. Usiku mmoja Evans-Pritchard alikuwa amekaa nyumbani akiandika. Karibu na katikati ya usiku akashika mkuki, akatoka kutembea kidogo kama ilivyokuwa desturi yake. Akiwa katika bustani nyuma ya nyumba, kati ya migomba, akaona mwanga mkali unapita nyuma ya nyumba za watumishi wake, ukielekea makao ya mtu mmoja jirani. Akaufuata mpaka uzio wa majani ukamzuia asione. Akakimbia kupitia nyumbani mwake atokee upande wa pili, lakini hakuuona tena. Alijua kwamba mtu mmoja tu wa nyumbani mwake alikuwa na taa yenye nguvu ya namna ile. Asubuhi akamwuliza, naye akasema hakutoka usiku, wala hakuwasha taa yake.

Watu wakamwambia: ulichokiona ni ulozi. Maana Waazande wanasema kwamba ulozi unakaa ndani ya mwili wa mlozi, na usiku unapotoka kwenda kumla mtu, unang’aa njiani. Na kweli, asubuhi ile ile mzee mmoja wa makao yale ambako mwanga ulielekea alikufa.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapofunga kitabu. Lakini mwandishi hakufunga. Anasema kwamba asili ya mwanga ule hakuijua kamwe. Labda mtu aliwasha mkono wa majani makavu akienda kujisaidia porini. Lakini njia ya mwanga na kifo cha mzee vilipatana vizuri na mawazo ya Waazande, na kwa hiyo kila mtu aliridhika.

Tunasifu ukurasa huo kwa jambo moja kubwa: mwandishi ametenga aliyoyaona, aliyoyachunguza na asiyoyajua. Mashahidi wachache wanafanya hivyo. Lakini tunamlaumu pia, kwa sababu amesimulia usiku ule mmoja tu. Katika miezi mingi aliyokaa kule, ni mianga mingapi ilipita usiku bila mtu kufa asubuhi? Na ni wazee wangapi walikufa bila mwanga wowote kuonekana? Bila hesabu hiyo, kupatana kwa mambo mawili hakutufundishi kitu.

Wale waliosoma Cicero watakumbuka habari ya Diagora katika kisiwa cha Samotrake. Rafiki alimwonyesha picha nyingi zilizotundikwa hekaluni na watu waliookoka baharini kwa sababu ya nadhiri zao. Diagora akajibu kwamba waliozama baharini hawakutundika picha. Diagora alikuwa mtu asiyesadiki, na sisi hatumfuati katika hilo. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Vivyo hivyo na ndoto. Mtu anaota usiku kwamba baba yake amekufa. Kesho barua inafika, na kweli amekufa. Ndoto hiyo itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Lakini zile ndoto mia za kifo ambazo baba aliamka mzima, nani anazisimulia?

II. Jicho na hukumu

Je, basi tuseme macho yanadanganya? Hapana, na hapa filozofia tuliyofundishwa inatusaidia. Mwaka wa 386, kabla ya kubatizwa, Mtakatifu Agustino aliandika kitabu juu ya wale waliosema kwamba mtu hawezi kujua kitu chochote kwa hakika. Walimletea mfano wa kasia: likiwa ndani ya maji linaonekana limepindika, na kumbe limenyooka. Agustino akajibu kwamba jicho halikukosa. Kwa namna maji yalivyo, kasia lilipaswa kuonekana hivyo. Kama lingeonekana limenyooka, hapo ndipo angeyashitaki macho yake. Kosa linaanza pale mtu anaposema: «Kwa hiyo kasia lenyewe limevunjika.» Mtakatifu Toma wa Aquino anafundisha namna hiyo hiyo: milango ya fahamu inaleta habari yake, na ukweli ao uongo unaingia hasa katika hukumu.

Tutumie mafundisho hayo kwa mwanga wa Waazande. «Niliona mwanga»: hilo ni neno la jicho. «Ulielekea kwa fulani»: hapo tayari kuna makadirio, maana ni usiku, na uzio ulikuwa mbele. «Ulimwua mzee»: hilo jicho halikuliona hata kidogo. Ni hukumu tu, lakini imevaa nguo ya jicho, na shahidi ataapa kwamba ameiona.

Huku Kalengera, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni la Waazande peke yao. Moto ukipanda ndani ya volkano, mawingu ya juu yake yanakuwa mekundu usiku. Mgeni anaamka kwa hofu, mwenyeji anageuka upande wa pili na kulala. Macho yao ni ya namna moja; wanatofautiana katika hukumu.

III. Wenye kucheka nao wanakosa

Tusifikiri sasa kwamba kazi ya msomi ni kuwacheka wanakijiji. Tuchukue neno linalojulikana vizuri kandokando ya Goma: mazuku. Wazee walisema kwamba kuna pepo mbaya ao upepo mbaya unaotembea usiku na kuua bila kelele. Asubuhi, pahali pa bonde dogo, mbuzi anakutwa amekufa bila jeraha, ndege pia, na mara nyingine mtu. Mtu wa shule aliyesikia hayo angeweza kusema: «Hadithi za wapagani.» Na kama angeshuka alfajiri katika bonde lile kuonyesha ushujaa wake, angekufa.

Maana mazuku ni jambo la kweli. Katika udongo wa volkano inatoka gazi ya kaboni, ile ile tunayoitoa tunapopumua, lakini nyingi kupita kiasi. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mnyama anayetembea kichwa kikiwa chini anakufa wa kwanza. Wataalamu wa volkano duniani pote wamelichukua neno letu, nao pia wanaandika «mazuku» katika vitabu vyao.

Wazee waliona vizuri: pahali, saa, namna ya kufa, vyote vilikuwa sawa. Walikosa katika kumtaja mwenye kuua tu. Kama tungeutupa ushuhuda wao wote, tungepoteza maisha ya watu. Kama tungeupokea wote, tungeenda kutafuta mlozi aliyemtuma pepo. Kwa hiyo tushike yale jicho liliyoyaona, tupime yale kinywa kilichoongeza.

IV. Ukumbusho na ulizo

Kuna hatari nyingine, nayo haiko kwa shahidi bali kwetu tunaomwuliza. Mwaka wa 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi sinema ya motokari mbili zinazogongana. Kisha wakawauliza juu ya mwendo wa zile motokari. Kwa wengine walisema «zilipogongana». Kwa wengine walitumia neno kali zaidi, kama «zilipopondana». Baada ya juma moja wakawauliza wote: mliona vioo vilivyovunjika? Katika sinema hapakuwa na kioo kilichovunjika. Lakini kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema wameviona. Kati ya 50 wengine, 7 tu. Neno moja la mwulizaji liliingia katika ukumbusho wa shahidi, likakaa humo kama jambo lililoonwa.

Sasa tufikiri juu ya katekista anayemwuliza mtoto mwenye homa: «Ni nani anakuja kwako usiku?» Ulizo hilo tayari limemleta mgeni chumbani. Mtoto atatafuta uso wa kumpa mgeni huyo, na uso utakaokuja ni ule wa mtu anayetajwa kwa sauti ndogo nyumbani: bibi mjane, mke wa pili, yatima aliyeletwa. Kesho yake mtoto hatasema uongo. Atakumbuka kweli. Ndiyo sababu unyofu wa shahidi, machozi yake na kiapo chake, havitoshi kuthibitisha jambo. Mtu mwema anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea.

V. Walioonwa katika ndoto

Ndoto ni mlango ambao mashitaka mengi yanapitia. Katika sehemu nyingi za Kongo tunasikia: «Nimeota shangazi ananipa nyama, nimekula.» Na kwa neno hilo tu shangazi anakuwa mlozi.

Agustino anatupa hapa jibu ambalo tungependa kila katekista alijue. Katika kitabu chake juu ya kuwatunza marehemu, anasimulia habari ya mwanafunzi wake Eulogio, mwalimu wa usemaji katika Kartago. Siku moja Eulogio alikuwa anatayarisha somo juu ya Cicero, akakuta pahali pagumu asipoweza kupaeleza, akalala kwa shida. Usiku Agustino akamtokea katika ndoto, akamwelezea yote. Agustino alikuwa wapi wakati huo? Milano, ng’ambo ya bahari, akifanya jambo lingine ao akiota ndoto yake mwenyewe, bila kujua hata kidogo shida ya Eulogio. Anasema wazi kwamba aliyekwenda si yeye, bali sura yake tu.

Maneno haya ni ya Mwafrika, askofu na mwalimu wa Ekleziya. Kama Agustino hakuhusika na mema aliyoyafanya katika ndoto ya Eulogio, shangazi atahusika namna gani na mabaya aliyoyafanya katika ndoto ya mpwa wake?

Kuna pia hali moja iliyo kati ya ndoto na kuamka. Wakati wa kuota, mwili wetu unafungwa usitikisike, ili tusiruke kitandani tukifuata ndoto. Mara nyingine akili inaamka mwili ukiwa bado umefungwa. Mtu anafungua macho, anaona chumba chake, lakini hawezi kusogeza hata kidole. Anasikia uzito kifuani, na anahisi kwa hakika kwamba mtu yuko pale. Waganga wa hospitali wanaijua hali hiyo katika mataifa yote, na watu wengi wenye afya njema wanaipata. Mwaka wa 1995 huko Pemba na Unguja hofu kubwa iliwashika watu juu ya kiumbe walichokiita Popobawa, yaani bawa la popo, aliyesemwa kuwakandamiza watu vitandani. Familia nzima zililala nje. Wachunguzi wengi wamefananisha masimulizi hayo na hali hiyo ya usingizi. Lakini mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na watu huko Unguja. Waliomwua hawakutunga hofu yao. Ilikuwa hofu ya kweli, na kwa hofu ya kweli walimwua mtu asiye na kosa.

Na kwetu? Mwaka wa 2021 katika Kivu ya Kusini wanawake wazee walishitakiwa ulozi, wakauawa na vikundi vya watu, wengine kwa moto. Kati ya wanaowataja walozi wako wale wanaoitwa bajakazi, wanaosema kwamba wamepewa kipaji cha kuwatambua walozi katika sala. Tusijifanye kwamba jambo hili ni la madhehebu mengine tu. Mkristu wetu anayetoka Misani na kwenda kumwuliza bajakazi jioni, amefundishwa na nani kutofautisha ono na ushahidi?

VI. Je, imani itadhoofika?

Padri mwenzetu atauliza: mkipanda mashaka namna hiyo, si mtawafanya watu wasisadiki tena kitu chochote? Tunajibu kwamba Ekleziya yenyewe ilianza kazi hiyo zamani. Prospero Lambertini, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto XIV, aliandika kati ya 1734 na 1738 kanuni za kuchunguza miujiza. Ugonjwa uwe mkubwa, kupona kuwe kwa ghafula na kamili, dawa isiweze kuwa ndiyo sababu. Huko Lourdes ofisi ya waganga imekuwa ikichunguza tangu mwaka wa 1883. Wagonjwa wengi sana wamesema wamepona, lakini kufikia mwaka wa 2018 Ekleziya ilikuwa imekubali 70 tu kuwa miujiza.

Tuangalie karibu zaidi, Kibeho katika Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria. Wenzake wengi walimcheka. Mwaka wa 1982 Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare aliunda tume mbili, moja ya waganga na moja ya wanateolojia. Watu wengi wengine walisimama wakisema nao wanaona. Ni tarehe 29 Juni 2001 tu, karibu miaka 20 baadaye, ambapo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza hukumu: aliwakubali watatu, Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Na tangu Mei 2024 kanuni mpya za Roma zimeongeza uangalifu: kwa kawaida askofu hatangazi tena kwamba jambo limetoka mbinguni, bali anasema tu kwamba hakuna kizuizi kwa waamini kulifuata.

Kama Ekleziya ilingoja miaka 20 kukubali kwamba Mama wa Mungu alionekana kwa wasichana watatu, sisi tunawezaje kukubali kwa usiku mmoja kwamba jirani alionekana akila watu?

Lakini kuna mashaka yasiyokuwa na huruma, na hayo tunayakataa. Evans-Pritchard anaeleza kwamba Mzande, ghala likimwangukia ndugu yake, anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Anauliza jambo lingine: kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii? Swali hilo si la ujinga. Yobu aliliuliza. Anayemjibu mtu mwenye msiba «ni mchwa tu» hakumjibu. Lakini rafiki za Yobu nao walikosa, maana walitaka lazima kupata mwenye kosa. Mtu anayeuliza «kwa nini mimi» anahitaji padri wa kukaa naye, kusali naye, kuzika pamoja naye; hahitaji jina la adui.

VII. Ya kufanya

Kwa makatekista tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mtu akija na habari ya usiku, tumwache aseme yote bila kumkatiza, na ulizo letu la kwanza liwe «Uliona nini?», kamwe si «Ulimwona nani?». Pili, tumwulize kila shahidi peke yake, kabla hawajazungumza pamoja, na tuandike maneno yake siku ile ile. Tatu, tutafute sababu iliyo karibu: homa, usingizi, pombe, gazi, taa ya jirani, na mgonjwa apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa pahali pengine. Nne, aliyeonwa katika ndoto asitajwe jina mbele ya watu, wala katika sala ya shirika, wala kwa njia ya mafumbo ambayo kila mtu anayafahamu.

Mambo haya hatukuyatunga sisi. Kijana Danieli aliyafanya mbele ya mkutano wote. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walisema wamemwona Suzana na kijana bustanini. Watu walisadiki, kwa sababu walioshuhudia walikuwa wazee, na walikuwa wawili. Suzana alikuwa tayari njiani kwenda kuuawa. Danieli akawatenga, akamwuliza kila mmoja: chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Wale walidanganya kwa makusudi, na mashahidi wetu kwa kawaida hawadanganyi; lakini ulizo linalofaa ni lile lile, na saa yake ni ile ile: kabla watu hawajaokota mawe.